Shajara ya Biskuti Nene za Chokoleti, Dar es Salaam

Jumamosi, 6 Januari 2024: mchanganyiko wa kwanza

Ninachokitafuta ni biskuti kama zile za maduka ya mikate ya New York: nene katikati, kavu ukingoni, na ndani yake nyororo kiasi cha kuvutika inapomegwa. Biskuti ya vipande vya chokoleti ilianzia Marekani katika miaka ya 1930, kwa Ruth Wakefield, aliyeendesha nyumba ya chakula iitwayo Toll House huko Whitman, Massachusetts, lakini ya kwake ilikuwa ndogo na ya kukatika kwa mlio. Hii nene ilipata sifa kupitia Levain Bakery, duka lililofunguliwa New York mwaka 1995, ambako biskuti moja ina uzito wa karibu gramu 170. Mimi nimejiwekea lengo la gramu 120 kwa biskuti na unene usiopungua sentimita 3 katikati, nikitumia vitu vinavyopatikana Dar es Salaam na jiko la gesi lenye oveni chini yake, jiko la kawaida kabisa.

Nilinunua mizani ya jikoni kwa shilingi 25,000, kwa sababu kikombe cha unga uliochotwa na kushindiliwa hakilingani na kikombe cha unga uliochekechwa, na sikutaka kubahatisha. Viungo vilinigharimu shilingi 13,500. Nilifuata vipimo vya Kimarekani bila kubadili chochote: nilipiga siagi na sukari, nikatia mayai, unga na chokoleti, nikafinyanga madonge manane na kuyapanga kwenye trei moja.

Baada ya dakika nane madonge hayakuwepo tena. Yalikuwa yameyeyuka na kuungana kuwa shuka moja lenye unene wa milimita 7, likitoa povu la mafuta pembeni. Watoto walilikata kwa kisu vipande vya pembe nne kama kashata na kulimaliza, kwa hiyo hasara haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya lengo tu.

Jumapili, 7 Januari: siagi ambayo si siagi

Kosa la jana lilianzia kwenye neno. Wengi wetu tumezoea kuita siagi ile majarini ya kopo tunayopaka kwenye mkate wa chai, na dukani nilisema siagi, nikapewa kopo, nikalipa bila kusoma. Leo nimelisoma: mafuta asilimia 60, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Siagi halisi ya maziwa ina mafuta ya asilimia 80 hivi, na maji yake ni karibu asilimia 16.

Ili nijionee mwenyewe, niliweka kiasi sawa cha kila moja katika bilauri mbili nyembamba, nikazisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto kwa dakika 20, kisha nikaziacha zitulie. Katika bilauri ya majarini tabaka la maji chini lilizidi maradufu lile la bilauri ya siagi. Maji hayo yote yalikuwa ndani ya kinyunya changu, yakikilegeza kabla unga haujapata nafasi ya kushika umbo. Majarini hiyo haina ubaya kwenye mkate, na hata kwenye keki nyingi inafaa, lakini kwa biskuti nene ningeiacha ilipo.

Jumamosi, 13 Januari: siagi halisi na joto la jikoni

Nilinunua siagi ya maziwa isiyo na chumvi, gramu 500 kwa shilingi 14,000, na kutumia gramu 170. Pamoja na viungo vingine mchanganyiko huu ulinigharimu shilingi 16,000, baada ya kuhesabu kile nilichotumia tu. Unene ulipanda hadi sentimita 1.3. Ni maendeleo, lakini bado ni biskuti ya kawaida.

Safari hii nilipima joto la kila kitu. Vipimo vya Kimarekani vinataka siagi “iliyolainika kwa joto la chumba”, na mwandishi wake anawazia chumba cha nyuzijoto 20. Jikoni kwangu saa nane mchana palikuwa na nyuzijoto 32, na siagi huanza kuyeyuka kabisa kati ya 32 na 35. Kwa maneno mengine, siagi niliyoiacha mezani kwa saa moja haikuwa imelainika. Ilikuwa imekaribia kuwa mafuta. Donge lililoingia kwenye oveni likiwa na nyuzijoto 30 linatandaa kabla ukingo wake haujaiva, ilhali donge la baridi huiva nje wakati katikati bado pamejishika, na hapo ndipo unene unapopatikana.

Kulikuwa na kosa la pili. Nilipiga siagi na sukari kwa dakika tano kama ninavyofanya kwa keki, nikaingiza hewa nyingi. Biskuti ziliumuka vizuri ndani ya oveni na kuporomoka mara tu nilipozitoa. Jioni nilirudia kwa robo ya vipimo: siagi moja kwa moja kutoka kwenye friji, nimeikata vipande vidogo kama punje za mahindi, na kuchanganya kwa mwiko mpaka tu sukari iliposhikana nayo, basi. Mkono ulichoka sana, lakini kinyunya kilitoka na nyuzijoto 18 na biskuti zikafika sentimita 2. Tangu sasa nitachanganya saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda.

Jumamosi, 20 Januari: magadi

Bekingi soda iliniishia katikati ya kazi. Nilimtuma kijana dukani, akarudi na kikaratasi chenye unga wa kijivu na ujumbe wa muuzaji: “Mwambie mama magadi soda ndiyo hii hii, watu wote wanatumia.” Niliitia, nusu kijiko cha chai, sawasawa na kipimo cha bekingi soda.

Magadi ya kupikia maharage na makande si bekingi soda. Bekingi soda ni baikaboneti ya sodiamu pekee, na magadi ya asili ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti pamoja na uchafu wa huko yalikochimbwa, hivyo ukali wake ni mkubwa zaidi. Biskuti zilibadilika rangi kuwa kahawia iliyokolea ndani ya dakika sita, zikanukia vizuri ajabu, na zilipoingia mdomoni zikawa na utelezi na uchungu. Shangazi alikuwa amekuja kututembelea, alitafuna mara mbili, akaiweka biskuti pembeni ya kisahani kwa adabu na kusema, “Mwanangu, hii umeokea sabuni ya mche.” Shilingi 15,500 zilikwenda kwa kuku wa jirani, na hata hao hawakuzimaliza.

Kwa atakayeiga kazi hii: nunua bekingi soda iliyofungwa kiwandani na yenye jina lake juu ya pakiti. Katika kupekua hili nilijifunza pia kwamba nilikuwa nikitegemea soda peke yake, ambayo huongeza rangi na kusaidia biskuti itandae. Bekingi pauda ndiyo inayoinua. Kuanzia wiki ijayo nitatumia zote mbili: soda gramu 3, pauda gramu 4.

Jumamosi, 27 Januari: sukari guru

Sukari ya kawaida pekee hutoa biskuti kavu. Ule mvutano ninaoutafuta unatokana na molasi, yaani ule uji mzito mweusi wa miwa, iliyomo ndani ya sukari ya kahawia yenye unyevu, ambayo hushika maji na kuyazuia yasitoke yote wakati wa kuoka. Sukari yetu ya nchini ina rangi ya kahawia kidogo, lakini punje zake ni kavu na zinateleza vidoleni. Rangi hiyo isikudanganye. Sukari yenyewe mwezi huu imeadimika, nami nimelipa shilingi 4,500 kwa kilo, kwa hiyo kila kijiko kinachoharibika kinauma.

Jirani alipendekeza molasi inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Sikuitumia, kwa sababu huuzwa kwa ajili ya mifugo na haikusafishwa kwa ajili ya mezani. Niligeukia sukari guru ya Kariakoo, shilingi 4,000 kwa kilo, ambayo imebaki na molasi yake yote. Jaribio la kwanza, kwa nusu ya vipimo, lilitumia sukari guru tupu: kinyunya kilikuwa chepesi na chenye kunata, biskuti zikatandaa tena, na ladha ya miwa ikaifunika chokoleti. Zaidi ya hayo, kulikuwa na chembechembe za mchanga na nyuzi za miwa.

Wazo langu la kwanza la kuondoa mchanga lilikuwa kuyeyusha sukari guru kwa maji na kuichuja, na hilo lilikuwa wazo baya, kwani nilirudisha ndani ya kinyunya maji yaleyale niliyoyakimbia tangu Januari 7. Kilichofaa ni kuchagua kipande kikavu kilichokolea rangi, kukikwaruza kwa kikwaruzo cha karoti, kisha kuchekecha kwa chekeche la unga. Nyuzi na vipande vigumu hubaki juu. Mchanga mwingi huwa umeganda chini ya kipande, mahali kilipokaa sakafuni kikipoa, kwa hiyo napara upande huo kwanza na kuutupa. Nusu iliyobaki ya vipimo niliichanganya kwa uwiano wa sukari guru 110 kwa sukari ya kawaida 90, na kwa mara ya kwanza biskuti ilivutika ilipomegwa. Pia nimeongeza kiini kimoja cha yai juu ya yai zima. Gharama ya siku: shilingi 16,500.

Jumamosi, 3 Februari: oveni

Tangu mwanzo biskuti zangu zimekuwa zikiungua chini zikiwa bichi juu, na nimekuwa nikijilaumu mwenyewe. Leo nimenunua kipimajoto cha oveni kwa shilingi 18,000 na kutambua kwamba nilipaswa kukinunua kabla ya mizani.

Kitufe cha jiko langu kina namba 1 hadi 8, bila kutaja nyuzijoto. Kwenye namba 5, baada ya dakika 25, rafu ya katikati ilionyesha 180 na rafu ya chini ilionyesha 235. Mlango ukifunguliwa kwa sekunde 20 joto hushuka kwa nyuzi 40, na huchukua takribani dakika saba kurudi. Mimi nilikuwa nikifungua kila baada ya dakika mbili kuchungulia.

Kwanza nilijaribu kuzuia moto wa chini kwa kutandika vigae viwili vya udongo, visivyopakwa rangi, juu ya sakafu ya oveni. Moto uligeuka kutoka buluu kuwa njano na kukaanza kutoka moshi, kwa sababu vigae vilikuwa vimeziba matundu ambamo hewa na joto hupita. Nilizima gesi, nikafungua madirisha na kusubiri. Tafadhali usizibe sakafu ya oveni ya gesi kwa kitu chochote, hata karatasi ya alumini. Vigae sasa viko juu ya rafu ya chini, vimeachiwa nafasi ya vidole vitatu kila upande, na trei iko rafu ya juu yake. Nimenunua pia trei ya pili kwa shilingi 12,000, nami huzipachika mbili pamoja ili hewa iliyo kati yake ipunguze ukali wa joto la chini. Namba 6 sasa inanipa nyuzijoto 200 pale biskuti zilipo.

Nimeoka madonge manne tu kwa viungo vya shilingi 8,500. Sehemu ya chini imekuwa ya dhahabu, na unene ni sentimita 2.4.

Jumamosi hadi Jumatatu, 10–12 Februari: kulaza kinyunya wakati wa mgao

Kinyunya kikilazwa kwenye baridi kwa saa 24 hadi 48, unga hunywa majimaji ya mayai na siagi polepole, kinyunya hukakamaa, na ladha hukolea. Hilo ndilo lililoandikwa kila mahali, na linahitaji friji inayofanya kazi.

Nilichanganya Jumamosi asubuhi, nikaweka bakuli zima kwenye friji. Jumapili umeme ulikatika saa mbili asubuhi na kurudi usiku. Nilikwenda kununua barafu ya shilingi 1,500 saa kumi jioni, nikiwa nimeshachelewa: katikati ya kinyunya palikuwa na nyuzijoto 22, na ndani yake mlikuwa na mayai mabichi. Nilikitupa chote. Sikukipika “kwa kuwa moto utaua wadudu”, kama nilivyoshauriwa, maana biskuti hii kwa makusudi haiivi sana katikati. Shilingi 17,000 za viungo.

Kosa lilikuwa kukilaza kikiwa bonge moja kwenye friji iliyo nusu tupu. Utaratibu mpya ni huu: kufinyanga madonge ya gramu 120 papo hapo, kuyapanga bila kugusana, na kuyaweka friji ya kawaida kwa saa 24 ikiwa ratiba ya mgao inaruhusu, kisha kuyahamishia kwenye friza. Friza nimeijaza chupa za plastiki zenye maji, ambazo zikiganda hushikilia baridi umeme unapokosekana. Nilipima baada ya saa tisa za giza, na madonge mawili ya majaribio yalikuwa bado magumu kama jiwe. Ratiba ikiwa haieleweki, napeleka madonge moja kwa moja kwenye friza. Ladha inapungua kidogo, unene haupungui.

Jumamosi, 17 Februari: chokoleti

Nimelinganisha aina tatu kwa shilingi 19,000, pamoja na viungo vingine vya shilingi 8,500. Vile vitone vidogo vya bei nafuu vya kupambia keki vimetengenezwa kwa mafuta ya mbegu za mawese badala ya siagi ya kakao. Havikuyeyuka vizuri mdomoni na viliacha utando kwenye ulimi. Baa ya chokoleti ya maziwa ilikuwa laini lakini, ikichanganyika na sukari guru, utamu ulizidi. Baa nyeusi yenye kakao asilimia 60 ndiyo iliyoshinda, na uchungu wake kidogo ulisaidia sukari guru isikike vizuri zaidi.

Nakata baa kwa kisu cha msumeno vipande vya sentimita moja, na ule unga unaobaki ubaoni nautia pia, kwa kuwa unasambaa kwenye kinyunya chote. Baa ya shilingi 5,500 niliyoipata ilikuwa imetengenezwa Ulaya, jambo linalochekesha kidogo ukikumbuka kwamba kakao inalimwa Kyela, mkoani Mbeya. Baa iliyokaa kabatini kwa joto letu hutokwa na weupe juu. Huo si ukungu bali ni mafuta ya kakao yaliyopanda, na haina neno kwa kuoka.

Jumamosi, 24 Februari: imefika

Unene wa sentimita 3.1. Ukingo ulikatika, katikati pakavutika, na chokoleti ikatengeneza madimbwi badala ya vitone. Vipimo vya biskuti nane ni hivi: unga wa ngano gramu 300, wanga wa mahindi gramu 20, siagi ya maziwa isiyo na chumvi gramu 170, sukari guru iliyochekechwa gramu 110, sukari ya kawaida gramu 90, yai moja na kiini kimoja, bekingi soda gramu 3, bekingi pauda gramu 4, chumvi gramu 4, vanila kijiko kimoja cha chai, na chokoleti nyeusi gramu 200.

Siagi ya baridi huchanganywa na sukari zote mbili kwa muda mfupi, kisha mayai na vanila, kisha vitu vikavu mpaka unga usionekane, na mwisho chokoleti. Madonge hufinyangwa yakiwa marefu kuliko mapana, wala hayabonyezwi. Yaliyotoka friji huoka kwa nyuzijoto 200 kwa dakika 12, manne kwa trei, bila kufungua mlango kabla ya dakika ya kumi. Zikitoka, katikati huonekana mbichi na kung'aa, usizirudishe. Kipimajoto cha kuchoma kilinipa nyuzijoto 80 katikati, na zikiachwa juu ya trei kwa dakika 20 hujiivisha kwa joto lake zenyewe. Biskuti ya kwanza niliinyanyua baada ya dakika tatu, ikapasuka na kumwagika mkononi.

Jumamosi, 2 Machi: marudio na hesabu

Nimeoka manne kutoka kwenye friza bila kuyayeyusha. Kwa dakika 12 yalikuwa na ubichi halisi katikati, unga mtupu, nikalazimika kuyarudisha mawili yakakauka. Mawili yaliyofuata niliyapa dakika 15 nikayasubiri 25 kwenye trei, na yalikuwa mazuri kuliko ya wiki iliyopita: sentimita 3.2.

Mchanganyiko mmoja sasa unagharimu shilingi 19,600, gesi ikiwemo, yaani kama shilingi 2,450 kwa biskuti moja; zaidi ya nusu ya hizo ni chokoleti, na karibu robo ni siagi. Tangu Januari nimetumia jumla ya shilingi 210,200, ambapo vifaa ni 55,000. Baa ya bei ya chini ndiyo punguzo pekee linaloonekana kwenye hesabu, nami sijaipata.

Madonge manne yamebaki kwenye friza, nimeyaandika tarehe. Shangazi ameyawekea nafasi yake kwa ajili ya Ramadhani, kwa sharti kwamba kwanza nimwonyeshe pakiti ya bekingi soda.